Jinsi ya kuomba nakala za rekodi za polisi Nairobi

Rekodi ya polisi hutafutwa kwa namba ya OB, kile kitabu kikubwa cha matukio kinachokaa kwenye kaunta ya kila kituo. Ukifika Central au Buruburu ukasema "niliripoti mwezi uliopita", askari wa zamu hana pa kuanzia. Ukisema "OB 37/14/3/2025", anajua afungue kitabu kipi na siku ipi. Namba hiyo husomwa hivi: ripoti ya 37, tarehe 14, mwezi wa tatu, mwaka 2025. Kila saa sita usiku hesabu huanza upya kwenye moja, kwa hiyo 37 peke yake haikufikishi popote. Kila siku ina 37 yake.

Hapa ndipo wengi hupoteza wiki nzima. Gari limegongwa saa tano na nusu usiku, ripoti ikaandikwa saa saba: ajali ni ya tarehe 14, lakini OB ni ya tarehe 15. Wengine hutafuta kwenye kituo kisicho chao. Barabara ndefu kama Thika Road au Mombasa Road hupita maeneo ya vituo kadhaa, na kituo kilicho karibu na ajali si lazima kiwe ndicho kilichoiandika. Vituo vidogo vya mitaani navyo vina OB yao, mbali na ile ya kituo kikuu kinachovisimamia. Kama namba imepotea, nenda na tarehe, saa ya kukadiria, namba ya gari na jina la askari aliyekuhudumia, kisha uombe kwa upole itafutwe. Usiende wakati zamu zinabadilishana, utaambiwa ungoje.

Ukishapata namba, amua unataka karatasi gani. Ukipoteza kitambulisho, logbuku au cheti cha shule, unachohitaji ni abstrakti, yaani hati ya polisi ya kuthibitisha kwamba uliripoti, na hiyo hupewa kituoni bila barua yoyote. Aliyejeruhiwa huchukua fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kisha ikarudi kwa polisi. Abstrakti na P3 polisi hawaziuzi. Ukiombwa "ya chai", sema unaomba risiti ya serikali uone mazungumzo yatakavyobadilika. Cheti cha tabia njema ni safari nyingine kabisa: huombwa kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, ukachapisha fomu ya C24 na kwenda kuchukuliwa alama za vidole. Tusiichanganye na haya.

Abstrakti ya ajali inataka jicho kali zaidi. Isome yote ukiwa bado umesimama pale kaunta: namba za magari yote, majina ya wenye magari, kampuni ya bima na namba ya cheti cha bima, majina ya majeruhi, tarehe na mahali, namba ya OB, sahihi na muhuri. Jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Herufi moja ikipotea, kampuni ya bima itakurudisha kituoni, na utamkuta afisa aliyeijaza ameshapewa uhamisho. Tazama pia sehemu ya matokeo ya uchunguzi. Mara nyingi huandikwa kwamba uchunguzi unaendelea, na wengi huridhika na hapo. Ikiwa dereva ameshtakiwa baadaye, rudi uombe abstrakti inayosema hivyo, kwa maana wakili wako ataihitaji. Usikawie: muda wa kufungua kesi ya fidia ya majeraha ni miaka 3 tangu siku ya ajali.

Kwa mambo mengine yote, kama nakala ya maandishi ya OB yenyewe, daftari la mahabusu au barua zilizoandikwa kuhusu lalamiko lako, unaomba kwa maandishi. Msingi wake ni Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari, namba 31 ya 2016. Haki hii ni ya raia wa Kenya. Sheria inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, kwa hiyo hakuna wa kukurudisha ukalitafsiri. Asiyeweza kuandika hueleza kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kumwandikia.

Kosa kubwa kwenye barua hizi ni kuuliza swali badala ya kuomba karatasi. "Kwa nini kesi yangu haisongi?" ni swali, na utajibiwa kwa sentensi moja isiyokusaidia kitu. Taja waraka ulioko kabatini:

"Mimi (jina kamili), raia wa Kenya, kitambulisho namba …, simu …, naomba chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 nakala zilizothibitishwa za: (a) maandishi ya OB 37/14/3/2025, Kituo cha Polisi cha …, (b) daftari la mahabusu la kituo hicho, tarehe 14 na 15 Machi 2025, mistari inayonihusu. Nitazichukua mwenyewe kituoni. Ikiwa kuna sehemu isiyoweza kutolewa, naomba sababu kwa maandishi, na nipewe sehemu iliyobaki."

Inatosha. Huna haja ya kueleza unazitakia nini. Sheria inasema haki yako haipungui kwa sababu uliyotoa wala kwa ile afisa anayokudhania. Ukijaza kurasa tatu za manung'uniko, karani atalipeleka faili lako kwenye malalamiko, na ombi la nakala litasahaulika humo.

Kisheria, afisa wa habari ni mkuu wa taasisi, kwa hiyo elekeza barua kwa Inspekta Jenerali, Jogoo House A, Taifa Road, na nakala kwa OCS, yaani mkuu wa kituo husika. Chapisha nakala mbili. Moja wanabaki nayo; nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe mbele ya macho yako. Usiondoke bila muhuri huo, hata ukiambiwa "wacha tu hapo, mkubwa ataiona". Siku zako zote zinahesabiwa kutoka tarehe hiyo.

Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Barua iliyogongwa muhuri tarehe 2 Juni inadai jibu kufikia tarehe 23. Wanaweza kujiongezea siku zisizozidi 14, mara moja tu, kama karatasi ni nyingi au lazima washauriane na wengine. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, tuseme ndugu yako amekamatwa na hamjui yuko kituo gani, muda ni saa 48. Liandike hilo kwenye mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa. Kama waraka uko ofisi nyingine, wana siku 5 za kulihamisha ombi huko. Kuomba ni bure. Unachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kutoa nakala.

Yapo maombi yanayokataliwa kihalali. Faili la uchunguzi ambao haujaisha huzuiwa kwa hoja ya kutovuruga mkondo wa sheria, na mambo ya siri za mtu binafsi au usalama wa taifa vilevile. Faili likifungwa, omba tena. Ikiwa wewe ndiwe mshtakiwa, usipoteze muda na barua hizi: Kifungu cha 50 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa mapema ushahidi wa upande wa mashtaka, na hilo huombwa mbele ya hakimu, Milimani, Makadara au Kibera, popote kesi ilipo.

Wakikaa kimya siku zote hizo, sheria inahesabu kimya hicho kuwa wamekataa. Kuanzia hapo una siku 30 za kupeleka ombi la mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ofisi ya Ombudsman yenye kauli "Hata mnyonge ana haki", iliyoko West End Towers, Waiyaki Way, Westlands. Ambatisha nakala yenye muhuri na jibu lolote ulilopewa. Tume inaweza kuamuru nakala zitolewe, na asiyeridhika na amri yake ana siku 21 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Lakini kama tatizo ni kwamba askari alikataa kuandika ripoti yako kwenye OB tangu mwanzo, hapo hakuna rekodi ya kuomba. Hilo ni lalamiko la kupeleka IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi.