Kulea Fezanti na Kuwazuia Wasitawanyike Kabla ya Msimu wa Uwindaji Uingereza

Nchini Uingereza fezanti huwindwa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 1 Februari, isipokuwa Ayalandi ya Kaskazini, ambako msimu hufungwa tarehe 31 Januari. Ndege huyu ni wa jamii moja na kuku na kwale. Jogoo wake ana mkia mrefu, uso mwekundu na manyoya ya rangi ya shaba, na tetea ana rangi ya majani makavu. Asili yake ni Asia, na wengi wa wanaowindwa kila mwaka ni ndege waliototoleshwa kwa mashine, wakalelewa bandani, kisha wakaachiwa msituni katikati ya kiangazi. Wakishatoka hakuna uzio unaowazuia kwenda watakako. Kwa hiyo kazi ya mtunzaji, tangu siku kifaranga anapowekwa chini ya taa, ni kumjengea ndege mazoea ya mahali: ajue anakula wapi, anakunywa wapi na analala wapi, ili msimu ukifika awe bado yupo kwa hiari yake.

Hesabu ya siku huanzia mwisho na kurudi nyuma. Fezanti huhitaji takribani wiki 20 ili akomae na kuruka juu kwa nguvu, kwa hiyo anayetaka kuanza kuwinda mwanzoni mwa Novemba anapaswa kuwa na vifaranga walioanguliwa kabla ya katikati ya Juni. Mayai hukusanywa kuanzia Aprili na huatamiwa kwa muda wa siku 24 hivi, katika joto la nyuzi 37 na nusu au zaidi kidogo. Kazi hiyo inahitaji mashine nzuri na mtu asiyelala ovyo, na mwenye shamba dogo hatapoteza heshima yoyote akinunua vifaranga wa siku moja, au ndege wa wiki sita au saba walio tayari kwenda msituni. Kabla hawajafika, akumbuke kwamba tangu Oktoba 2024 kila mwenye kufuga ndege England na Wales anatakiwa kujiandikisha serikalini hata akiwa na wachache tu. Uskoti sharti hilo lilianza mwezi mmoja kabla. Akumbuke pia kwamba, akiwa England au Wales, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006 inamhusu kwa kila ndege aliye mikononi mwake, na kwamba England ina kanuni rasmi za ulezi wa ndege wa kuwindwa, ambazo zinafaa kusomwa mapema na si baada ya mkaguzi kubisha hodi.

Banda la kulelea litandikwe maranda makavu ya mbao, na taa au hita ya gesi iwashwe siku moja kabla ili sakafu nayo ipate joto. Siku za kwanza, joto la usawa wa kifaranga liwe karibu nyuzi 35, kisha lipunguzwe nyuzi tatu hivi kila wiki. Kipimajoto ni cha lazima, lakini vifaranga wenyewe husema kweli zaidi. Wakijirundika katikati ya taa huku wakilia kwa sauti kali, wana baridi. Wakijibanza ukutani mbali na taa, midomo wazi, wanaungua. Wakilala wametawanyika kama punje zilizomwagwa, kila mmoja na nafasi yake, hali ni njema. Pembe za banda zizibwe kwa kadibodi iliyopindwa ili duara lisiwe na kona, kwa sababu kifaranga aliyeogopa hukimbilia kona na wenzake humpanda hadi wa chini akose pumzi. Chakula cha mwanzo kiwe chenga laini zenye protini ya asilimia 27 au 28, kiwango kikubwa kuliko cha kuku wa kawaida. Maji yawekwe kwenye vyombo vyenye kingo nyembamba, kwani kifaranga wa fezanti huweza kuzama katika kina cha kidole kimoja.

Kuanzia wiki ya pili au ya tatu, siku ikiwa kavu, mlango wa banda ufunguliwe ili watoke kwenye uwanja mdogo wa nyasi ulioezekwa wavu. Hapa ndipo wengi huanza kudonoana manyoya, na kosa kwa kawaida si la ndege: wamebanwa, wamechoshwa na mvua ya siku tatu, au chakula kimewaishia usiku. Watunzaji wengi huwavalisha kipande kidogo cha plastiki mdomoni kinachozuia ncha mbili za mdomo zisikutane, na hukivua kabla ya kuwapeleka msituni. Kinasaidia, ila nionavyo mimi ni plasta juu ya kidonda. Nafasi ya kutosha na matawi mabichi ya kudonoa hufanya zaidi. Taa izimwe kabisa walau wiki moja kabla ya kuwahamisha, mchana kwanza, kisha usiku, kwa sababu ndege asiyewahi kulala bila taa hatastahimili mvua ya usiku wa kwanza msituni.

Uzio wa kuwaachia, yaani zizi kubwa lililozungushiwa wavu ndani ya msitu na lisilo na paa, ndio moyo wa kazi yote, na mahali pake pachaguliwe kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Uwe katikati ya shamba, si mpakani, kwa kuwa ndege aliyelelewa mpakani atamnufaisha jirani. Uwe pia mbali na barabara. Ndani yake kuwe na mchanganyiko: theluthi moja miti na vichaka virefu vya kulalia, theluthi moja vichaka vifupi vya kujifichia, na theluthi moja mahali wazi panapopigwa na jua ili ndege wakauke baada ya mvua na kuoga vumbi. Msitu wenye kivuli kitupu, hata ukipendeza machoni, huwa na umande hadi mchana na huzalisha magonjwa. Idadi isizidi ndege 1,000 kwa kila hekta ya uzio, na katika misitu ya kale ya asili isizidi 700, kwa sababu makundi makubwa huua mimea ya chini na kubadili udongo. Anayevuka kiwango hicho huharibu msitu, na mara nyingi huishia kuwa na ndege wachache zaidi, si wengi.

Wavu uwe na urefu wa mita mbili hivi, na ukingo wake wa chini ufukiwe au ulazwe juu ya ardhi kuelekea nje, kwa maana mbweha huchimba pale pale wavu unapogusa ardhi, wala hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili. Nje yake zipitishwe nyaya mbili za umeme, na nyasi zinazozigusa zifyekwe kila wiki, la sivyo umeme unapotelea ardhini. Dhidi ya mwewe na bundi hakuna ruhusa ya bunduki wala mtego. Ndege hao wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya 1981, na anayewaua ana hatia. Kinga iliyopo ni vichaka vinene, matawi yaliyokatwa na kulazwa chini ili yawe kimbilio, na vitu vya kutishia vinavyohamishwa kila baada ya siku chache.

Ndege wahamishwe wakiwa na wiki sita hadi nane, alfajiri, siku ambayo utabiri unaonyesha ukavu wa siku mbili tatu zinazofuata. Ukiona mawingu mazito, ahirisha. Aliyekodi gari atanung'unika, lakini hasara ya gari ni ndogo. Manyoya marefu ya bawa moja tu hukatwa kabla ya kuwaachia. Mshike ndege kifuani kwa mkono mmoja, tandaza bawa kama unavyofungua kipepeo cha ukili, kisha kata manyoya ya nje juu kidogo ya mahali yanapofichwa na manyoya mafupi, bila kugusa shina lenye damu. Ndege huyo hataweza kuruka sawasawa kwa wiki chache, hadi manyoya mapya yaote, na wiki hizo ndizo anazojifunza kwamba hapa ni kwao. Masanduku yafunguliwe karibu na chakula na maji, na mtu aondoke kimya badala ya kusimama akitazama.

Katika wiki hizo ugonjwa ndio adui wa kwanza. Sikiliza kabla hujaingia. Ukisikia kikohozi kifupi kama chafya, na ukamwona ndege akinyoosha shingo, akifumbua mdomo na kutikisa kichwa kama anayetema kitu, hao ni minyoo wa koo, ambao huishi ndani ya bomba la hewa na huenezwa na nyungunyungu wa udongoni. Daktari wa mifugo ataagiza dawa ya flubendazole ichanganywe kwenye chakula. Ndege aliyejikunyata, mabawa yameshuka, kinyesi cha maji au chenye povu, ana ugonjwa wa tumbo, na hapo usikisie: mpelekee daktari ndege wawili au watatu waliokufa karibuni, kwa kuwa kuhara damu na vimelea vingine vya utumbo hufanana machoni lakini tiba zake ni tofauti. Dawa yoyote ina idadi ya siku ambazo lazima zipite kabla nyama haijaliwa. Ziandike kwenye kalenda. Uzio uliotumika miaka mingi mahali pamoja hujaa mayai ya minyoo, na hakuna dawa inayoshinda kuuhamishia kwingine.

Manyoya yakiota, ndege huanza kuruka nje mchana na kutaka kurudi jioni. Hawajui kurudi kwa kuruka. Hutembea kando ya wavu wakitafuta njia. Kwa hiyo kila umbali mfupi, hasa kwenye pembe, wekwe mlango mdogo wa wavu uliopindwa kama mdomo wa dema la samaki, mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, wenye vyuma vilivyoachana sentimita 9 hivi ili fezanti apite na mbweha asipite. Zunguka uzio kila jioni ukiwasukuma taratibu kuelekea milango hiyo. Ni kazi ya kuchosha, na anayeiacha jioni mbili hukuta manyoya asubuhi.

Kuanzia hapo chakula ndicho kamba pekee uliyo nayo. Badilisha polepole kutoka chakula cha vidonge hadi ngano, na ulishe saa ile ile kila siku, ukipiga mluzi ule ule. Vyombo vya kujilishia vinafaa, lakini ndege hujaza tumbo kwa dakika kumi kisha ana siku nzima ya kuzurura. Ngano iliyomwagwa kwa mkono juu ya nyasi kavu zilizotandazwa kwenye njia ya msituni humfanya apekue kwa saa nyingi, naye hubaki pale pale.

Mitihani huja Septemba. Mavuno ya nafaka yakiisha, mashamba ya jirani hujaa punje. Miti ya mialoni huangusha mbegu zake na vichaka huiva matunda, na ndege hufuata tumbo. Hapo mtunzaji hupita mipakani kila asubuhi na mbwa mtulivu, akiwarudisha waliotoka bila kuwarusha kwa hofu. Mashamba ya kujifichia, ya mahindi, mtama au sukuma wiki ya mifugo, yaliyopandwa tangu Mei au Juni, yawe umbali mfupi kutoka msitu wa kulala. Mchana ndege hutembea kwenda kula humo, na akishtuliwa huruka kurudi nyumbani. Safari hiyo ya kurudi ndiyo itakayompitisha juu ya wawindaji. Ukihamisha chakula kiholela, unavunja njia uliyoijenga kwa miezi miwili. Na wakipungua baada ya siku za kwanza za kuwinda, usilete wengine wa kujazia: kanuni za uwindaji mwema zinakataza kuongeza ndege mahali pa waliokwisha kupigwa katika msimu ule ule.

Wiki ya mwisho kabla ya kuanza kuwinda usiingie mashambani bila sababu. Nenda jua linapozama, simama upande ambao upepo hauwapelekei harufu ya mbwa, usikilize majogoo wanavyolia kwa mkupuo wanapopanda mitini kulala, kichaka kimoja baada ya kingine. Kichaka kilichokuwa na sauti kumi wiki iliyopita na leo kina mbili ndicho utakachoanzia kesho alfajiri, ngano mkononi.