Chimbua hindi usome mizizi kabla hujanunua mbolea

Mahindi yakianza kupauka, wengi hukimbilia duka la pembejeo. Shika koleo kwanza. Jani litakuambia mmea una njaa; mzizi utakuonyesha unatafuta nini, na wakati mwingine kwamba chakula kipo ila haukifikii.

Hatua ya 1: Chagua mashina. Mahindi yakifika magotini, teua mashina matatu dhaifu na matatu yaliyostawi, mbegu ileile, yaliyopandwa siku moja. Usiyaache hayo mazuri, ndiyo ya kulinganishia. Mbegu hutofautiana kwa mizizi hata zikiwa shamba moja.

Hatua ya 2: Chimbua, usivute. Ukivuta, mizizi midogo inakatikia ardhini, na hiyo ndiyo tunayoitaka. Zungushia koleo sentimita 20 kutoka shinani, kina cha 25, uinue na bonge lake. Loweka kwenye ndoo yenye maji na sabuni kidogo, kisha suuza taratibu.

Hatua ya 3: Soma.

Naitrojeni huyeyuka na kushuka na maji ya mvua. Hindi lenye njaa yake hutoa mizizi michache kwenye vifundo vya chini vya shina, nayo hurefuka kuifuata chini. Majani ya chini hugeuka manjano kuanzia nchani, yakishuka na mshipa wa kati.

Fosforasi haitembei. Kwenye udongo mwekundu wenye tindikali hunaswa na chuma na alumini, na sehemu kubwa ya inayopatikana iko juu juu. Mbegu zinazovumilia upungufu huu hutandaza mizizi karibu na uso wa udongo, na vinyweleo vya mizizi hurefuka (tumia kioo cha kukuzia uvione). Majani huwa ya zambarau, ila baridi nayo huleta zambarau kwa miche, kwa hiyo usihukumu kwa rangi peke yake. Tena, mizizi yenye njaa hii hutoa kemikali za kuwaita kuvu wanaoisaidia kufyonza fosforasi. Mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, huzinasa kemikali hizohizo, zikaota. Ndiyo maana kiduha hupenda mashamba yaliyochoka.

Mizizi mifupi, minene, ya kahawia, isiyo na matawi? Shuku sumu ya alumini, hasa pH (kipimo cha tindikali ya udongo) ikiwa chini ya 5.5. Imepinda ghafla kwenda pembeni? Imegonga tabaka gumu.

Hatua ya 4: Tibu kilichoonekana. Naitrojeni: weka mbolea ya kukuzia udongo ukiwa na unyevu, ufukie. Fosforasi: msimu huu umeshachelewa; ujao weka mbolea ya kupandia shimoni, itenganishe na mbegu kwa udongo kidogo. Alumini hutaka chokaa. Tabaka gumu hutaka kutinduliwa, na hapo mfuko wa mbolea ni hasara tupu.

Kabla hujafukia mashimo, chota udongo wa kupeleka maabara. Usiutie kwenye mfuko uliowahi kubeba mbolea, majibu yatakudanganya.