Somo: Kupanga na kujenga sehemu za kuhifadhia vitu ndani ya trela ya safari

Trela nyingi zina nafasi ya kutosha, ila nafasi hiyo iko mahali pabaya. Chini ya kiti kirefu cha nyuma huwa kuna uwazi mkubwa, na wengi huanza kupakia hapo kwa sababu panafikika kirahisi. Matokeo yake trela huanza kuyumba mkia barabarani. Kwa hiyo tunaanza na mizani. Mbao zitafuata.

Hatua ya 1: Jua una kilo ngapi

Soma kibao cha trela: uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito ikiwa tupu. Tuseme 1,500 kwa 1,220: unabaki na kilo 280. Zinaonekana nyingi. Sasa toa maji lita 80 (kilo 80), mitungi miwili ya gesi iliyojaa yenye kilo 25 kila mmoja, na betri ya kilo 25. Zimebaki 125, na bado hujaweka sufuria, nguo, viti wala godoro la ziada. Angalia pia kama mtengenezaji alishahesabu gesi na betri kwenye uzito wa trela tupu, maana hawafanani. Njia ya uhakika ni kupeleka trela iliyopakiwa kwenye mizani ya magari.

Hatua ya 2: Gawa sakafu kabla ya kugawa kabati

Weka alama ya chaki sakafuni pale ekseli (mhimili wa magurudumu) ilipo. Vizito vyote (zana, vyakula vya makopo, hema la mbele, betri ya ziada) vikae chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Vya wastani vifuate pande zote mbili. Kabati za juu ni za nguo, taulo, vikombe vya plastiki na mikate, basi.

Kisha pima uzito unaokaa kwenye bola la kuvutia (tufe la chuma nyuma ya gari linaloshika trela). Marekani hushauri 10–15% ya uzito wote wa trela, Uingereza 5–7%. Fuata kitabu cha trela yako, na usizidishe kikomo cha gari wala cha bola. Mizani ya bafuni inatosha ukitumia ubao mgumu: egemeza ncha moja kwenye tofali, nyingine kwenye mizani, na mkono wa trela ukalie ubao kwa namna ambayo umbali hadi kwenye mizani ni mara mbili ya umbali hadi kwenye tofali. Zidisha namba ya mizani kwa 3. Trela iwe imesimama sawa na magurudumu yamezuiwa kwa kabari.

Hatua ya 3: Chagua mbao

MDF na chipboard (mbao za unga au chembe za mti zilizogandishwa kwa gundi) ziache. Ni nzito, na unyevu ukizipata huvimba na skurubu hulegea. Plaiwudi ya mpopla (poplar) ya mm 12 ina takriban kilo 5.5 kwa mita ya mraba. Ya bachi (birch) ya unene huohuo hufika 8. Mm 12 inafaa kwa vifuniko vya vitanda na maboksi ya droo, mm 9 kwa rafu fupi. Paka vanishi kingo zote, hasa zile zisizoonekana.

Hatua ya 4: Tafuta fremu (mifupa ya ukuta)

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Ukuta wa ndani mara nyingi ni ubao wa mm 3 tu, na nyuma yake ni sponji. Skurubu iliyoshika ubao huo peke yake itachomoka. Pitisha sumaku ndogo ukutani. Inapovutwa kuna msumari au pini, na nyuma yake kuna fremu. Ukikosa fremu mahali unapopataka, gundisha na kufunga papi (ubao mwembamba) ya mm 20 × 45 kutoka fremu moja hadi nyingine, kisha funga rafu kwenye papi. Pima kina kabla ya kutoboa: skurubu ndefu hutokea nje, na tundu hilo ni mlango wa maji ya mvua.

Hatua ya 5: Droo na milango

Reli za kawaida za pembeni huhitaji mm 12.7 kila upande, kwa hiyo boksi liwe jembamba kuliko uwazi kwa mm 25.5 hivi. Kuta za trela si lazima ziwe sambamba: pima uwazi mbele na nyuma, ufuate kipimo kidogo, upande mwingine ujazie kwa vipande vyembamba. Chukua reli zenye kufuli. Droo inayofungukia mbele ya trela ndiyo inayopata msukumo mkubwa zaidi, kwa sababu breki huvuta kwa nguvu kuliko mwendo wa kuanza. Iwekee komeo la pili.

Rafu zote ziwe na ukingo wa mm 40 hadi 50.

Hatua ya 6: Acha hewa ipite

Toboa matundu ya mm 25 kwenye pande za boksi la kitanda, na acha upenyo wa mm 20 kati ya vitu na ukuta wa nje. Matundu yaliyopo sakafuni chini ya kabati ya gesi au jiko usiyafunike kamwe: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutokea huko.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Wakuu, milango yangu ina sumaku lakini kila nikifika nakuta sahani zimelala sakafuni. Niongeze sumaku?

Jibu: Hapana. Sumaku huvumilia mvuto wa taratibu, si mtikisiko wa shimo. Weka komeo la kubonyeza. Na sahani zitolewe juu, zishushwe kwenye droo.

Swali: Baiskeli mbili naweza kuzifunga nyuma kabisa?

Jibu: Piga hesabu kwanza. Baiskeli na kibebeo chake kilo 40, zikiwa mita 4.5 nyuma ya ekseli, na bola likiwa mita 3.5 mbele yake: 40 × 4.5 ÷ 3.5, zaidi ya kilo 51 zinaondoka kwenye bola. Tena hakikisha mtengenezaji anaruhusu. Bampa nyingi za nyuma hazikujengwa kubeba. Kama gari linaruhusu, zipande juu ya gari.

Swali: Nimefunga shokapu za gesi (fimbo za kusaidia kuinua) kwenye kifuniko cha kitanda, sasa hakifungi.

Jibu: Umejaribu bila godoro, au nguvu yake imezidi. Weka godoro ujaribu tena. Kikiendelea kuinuka, nunua zenye namba ndogo ya nyutoni (kipimo cha nguvu). Usikikandamize kwa komeo, fremu itapasuka kwenye bawaba.

Swali: Tangi la maji nisafiri nalo limejaa?

Jibu: Inategemea lilipo. Likiwa juu ya ekseli halibadilishi sana mizani. Likiwa nyuma, litoe maji. La nusu nalo lina kero yake: maji husukumana kila unapokata kona.