Ukimuuguza ndugu wodini, nawa kati ya kitanda na kitanda

Asubuhi moja dada anayemuuguza mama yake kitanda namba 6 alimwaga mkojo wa kwenye mfuko, akarudi, akaona bibi wa kitanda namba 7 uji umemshinda. Akamnyanyua, akamweka vizuri mshono usivutike, akamlisha mpaka kikombe kikaisha. Mama wa namba 6 majibu yake ya maabara yalikuwa yametoka jana yake: bakteria aitwaye klebsiela, sugu kwa karibu kila dawa iliyopimwa, yaani dawa hazimuui. Siku chache baadaye mshono wa bibi ulianza kutoa usaha. Tukaotesha usaha huo maabara ili kujua ni mdudu gani, tukakuta klebsiela.

Siwezi kuapa kwamba wadudu hao walipitia mikono ya yule dada. Sisi wauguzi ndio tunaoshika vitanda vyote. Ninachojua ni kwamba hakuna kati yetu aliyekuwa amemweleza chochote, na hilo linaniuma mpaka leo. Nina miaka 12 wodi ya upasuaji, na sasa kila ndugu wa mgonjwa namweleza haya siku ya kwanza.

Kumsaidia mgonjwa wa jirani usiache, wodi zetu zinaishi kwa wema huo. Ila nawa kabla hujamgusa mgonjwa wako, nawa ukimaliza, na nawa tena kabla ya kumgusa wa jirani. Kama mikono haina uchafu wa kuonekana, kitakasa mikono kinatosha: sugua sekunde 20 hadi 30, kati ya vidole, vidole gumba na ncha za kucha, mpaka pakauke penyewe. Ukishika mkojo, kinyesi au usaha, ni maji yanayotiririka na sabuni, sekunde 40 hadi 60. Usijifutie khanga uliyolalia. Glavu nayo haikuondolei kunawa. Ukiivaa kwa kazi moja, vua, tupa, nawa. Na reli ya kitanda uione kama sehemu ya mgonjwa, maana bakteria kama asinetobakta wanaweza kukaa hai wiki kadhaa mahali pakavu. Simu yako pia isilale kitandani.

Wageni wakija kumi kwa mpigo, usione haya: “Wajomba, shikamooni, tunaomba tunawe kwanza.” Wasikalie kitanda, na kidonda kisifunuliwe ili watu waone.

Mpira wa mkojo unahitaji jicho lako zaidi. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, uning'inie bila kugusa sakafu. Wakati wa kumgeuza mgonjwa watu hupenda kuuweka juu ya tumbo lake. Mkojo ukirudi ndani, unarudi na bakteria. Usiuchomoe kwenye mpira. Chombo cha kumwagia kiwe cha mgonjwa mmoja. Halafu kila siku uliza, “Sista, huu mpira bado anauhitaji?” Uliza hivyohivyo kuhusu kanula ya dripu, na ukiona mkono umevimba au umekuwa mwekundu, ita muuguzi usiku huohuo.

Kuhusu dawa, siku ya kulazwa mweleze daktari kila antibayotiki aliyotumia mgonjwa nyumbani, hata vidonge viwili vya duka la dawa. Kama maganda yapo, njoo nayo. Watu hunificha wakidhani nitawagombeza, kumbe hiyo ndiyo habari inayomsaidia daktari kuchagua. Uliza pia kama kipimo cha kuotesha kimechukuliwa, maana kinafaa zaidi kikitangulia dozi ya kwanza. Majibu huchukua siku mbili, tatu, wakati mwingine zaidi, kwa sababu wadudu lazima waote kwanza ndipo wajaribiwe na dawa moja moja.

Karatasi ikitoka, utaona majina ya dawa na herufi mbele yake. S maana yake dawa ile inawaweza wadudu hao, R maana yake ni sugu. Ukikuta R mbele ya seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, na ndiyo aliyoanza nayo, huenda ndiyo maana sindano za mwanzo hazikuteremsha homa, na usishangae dawa ikibadilishwa. Saa za dozi zifuate. Ikipita saa yake, kumbusha kwa upole. Usimwongezee vidonge vya kwenye pochi yako.

Akiambukizwa wadudu sugu, anaweza kuhamishiwa chumba cha peke yake. Mweleze kwamba hatengwi kwa aibu. Mkalie karibu, mshike mkono, ongea naye, kisha nawa unapotoka.

Mkiruhusiwa, dawa za nyumbani zitumike kama zilivyoandikwa, zisigawiwe kwa mtu. Wadudu wale wanaweza kubaki tumboni muda mrefu bila kumuumiza, kwa hiyo kunawa baada ya choo na kabla ya kupika kuendelee. Ile karatasi ya majibu ikunjie ndani ya kadi yake ya hospitali. Siku akilazwa tena, popote pale, itoe kabla hajachomwa sindano ya kwanza.