Kabla Hujaenda Kupima Saratani: Mambo ya Kuzingatia

Kwanza jiulize kama una dalili. Uchunguzi wa saratani ni wa mtu anayejiona mzima. Kama una uvimbe kwenye titi, unatoka damu baada ya tendo la ndoa, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, usisubiri siku ya uchunguzi. Nenda kwa daktari, itaje dalili yenyewe, uandikiwe vipimo vyake. Majibu safi ya mwaka jana hayafuti dalili ya leo.

Pili, uliza kwenye ukoo: nani aliugua, saratani gani, na aligundulika akiwa na miaka mingapi. Huo umri ndio watu husahau kuuliza, na ndio daktari anaoutaka. Mzazi akigundulika na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 45, mtoto kwa kawaida hushauriwa kuanza kuchunguzwa akiwa na 35, asingoje umri wa watu wengine.

Kipimo cha mlango wa kizazi: usiende ukiwa kwenye hedhi, na kwa siku 2 kabla acha tendo la ndoa, krimu na dawa za ukeni, na kujiosha kwa ndani. Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo cha virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10; anayeishi na VVU aanze na 25, arudie kila miaka 3 hadi 5. Aliyechanjwa dhidi ya virusi hivyo naye apime. Pale wanapotumia siki badala ya kipimo cha virusi, muuguzi huipaka kwenye mlango wa kizazi na kusubiri angalau dakika moja aone kama pana weupe. Kwa aliyekoma hedhi kipimo hicho hakifai sana, maana sehemu inayotakiwa kuonekana huwa imeingia ndani. Aombe cha virusi.

Mammogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti: siku hiyo usipake deodoranti, poda wala losheni kwapani na kifuani. Chembe zake huweza kuonekana kwenye picha kama madoa ya chokaa, nayo ni moja ya dalili zinazotafutwa. Beba picha za zamani. Ukiitwa tena usizimie. Wengi wanaoitwa hawakutwi na saratani.

Tezi dume, kipimo cha damu cha PSA (protini inayotoka kwenye tezi hiyo): siku 2 kabla, baiskeli na kumwaga mbegu weka kando. Kama una maambukizi ya mkojo, yatibiwe kwanza. Unatumia finasteridi, dawa ya tezi dume iliyovimba au ya nywele kunyonyoka? Sema, kwa sababu hushusha kiwango cha PSA hadi karibu nusu na kukufanya uonekane salama kumbe sivyo.

Sasa utumbo mpana, ambapo watu huumia bure. Kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo ni chepesi: unachoma choo kwa kijiti, unakirudisha kwenye kichupa, unaandika tarehe, unapeleka. Majibu yanarudi: damu ipo. Mwenyewe anajua ana bawasiri, basi anasema ni hizohizo. Anarudia kipimo, safari hii hakuna damu, anashukuru Mungu na kwenda zake. Tatizo ni kwamba kinyama kilichoota ndani ya utumbo, ambacho huweza kugeuka saratani, hakitoi damu kila siku. Leo kinavuja, kesho kimetulia. Kipimo cha pili kimeangukia siku ya utulivu tu, hakijafuta cha kwanza. Na bawasiri hazimzuii mtu kuwa na saratani. Miaka ikipita anarudi amekonda, amepungukiwa damu, na kinyama ambacho kingekatwa kwa waya mwembamba siku ileile ya kolonoskopi (kamera inayoingizwa kwenye utumbo kupitia njia ya haja kubwa), pengine kabla hata hakijawa saratani, sasa kinataka upasuaji mkubwa. Ukiambiwa damu ipo, kinachofuata ni kolonoskopi, tena ndani ya wiki chache. Usirudie kile cha choo.

Na kolonoskopi yenyewe inategemea dawa ya kusafisha tumbo. Mara nyingi nusu hunywewa jioni, nusu nyingine zikiwa zimebaki saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, na huwa imekwisha angalau saa 2 kabla. Watu huiacha nusu ya pili kwa kuwa ladha inachefua na wanaona wameshahara vya kutosha. Hawajahara vya kutosha. Kinachotoka kiwe maji ya njano yanayopenya mwanga, kama mkojo. Kikiwa bado cha kahawia, mwambie muuguzi kabla hujalazwa kitandani, maana kinyama kidogo hakionekani chini ya uchafu. Vinywaji vyekundu acha, hufanana na damu. Vidonge vya madini ya chuma kwa kawaida husimamishwa wiki moja kabla. Dawa za kuzuia damu kuganda na insulini usizikatishe kwa akili yako, uliza mapema. Nenda na mtu wa kukurudisha, kwa sababu utapewa dawa ya usingizi.

Kabla hujaondoka, popote ulipopimwa, uliza majibu yanatoka lini na umtafute nani usiposikia kitu. Kimya si majibu mazuri. Huenda namba yako ya simu iliandikwa vibaya. Chukua karatasi yenyewe, usiridhike na kuambiwa “uko sawa”. Andika tarehe ya kipimo kijacho. Ukihamia hospitali nyingine, nenda na faili. Dawa za mitishamba nazo zitaje, hata kama hakuna aliyekuuliza.