Umepangiwa kufundisha saikolojia chuoni Marekani? Maliza haya kwanza

Ukidahiliwa PhD ya saikolojia Marekani, mara nyingi posho na msamaha wa ada huja pamoja na kazi ya kufundisha. Utaanza kwa kusahihisha na kuongoza vikundi vya mazoezi, baadaye unakabidhiwa kozi nzima, aghalabu Utangulizi wa Saikolojia. Idara nyingine zina semina ya ualimu ya muhula mzima. Nyingine zinakupa kitabu na ufunguo wa chumba, basi. Usingoje kuandaliwa.

Viza kwanza. Mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki muhula ukiendelea, na kusahihisha ni kazi. Rundo la insha likikuzidi, mwambie msimamizi wako mapema, usijitie ushujaa.

Ukitakiwa kufanya mtihani wa kuzungumza Kiingereza, fanya. Najua umesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Fanya tu.

Silabasi iandike mpaka mwisho kabla ya siku ya kwanza: tarehe, mgawanyo wa alama, kazi zinazochelewa, matumizi ya akili mnemba. Ikishatoka, wanafunzi wanaishika kama mkataba.

Alama ni siri kwa FERPA, sheria ya mwaka 1974 ya faragha ya rekodi za wanafunzi. Ule utaratibu wetu wa kubandika matokeo kwenye ubao wa matangazo uache nyumbani, na mzazi akikupigia simu kuuliza maendeleo ya mwanawe, mwelekeze ofisini kwa heshima.

Uliza pia kama wanafunzi wako wanatakiwa kushiriki tafiti za idara ili wapate alama. Kama ndivyo, lazima kuwe na kazi mbadala kwa asiyetaka, na watakuja kukuuliza wewe.

Kitabu nacho usikiamini chote. Vizazi vya wanafunzi vimefundishwa kwamba Kitty Genovese alipouawa New York mwaka 1964, watu 38 walitazama bila kufanya lolote. Mwaka 2007 wanasaikolojia Manning, Levine na Collins walionyesha kwamba ushahidi hauungi mkono hadithi hiyo. Mwanafunzi mmoja mwenye simu atakuumbua katikati ya mhadhara.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike. Usitoe kazi inayomlazimisha mwanafunzi kusimulia maisha yake.

Dada mmoja Mkenya tuliyekuwa naye idara moja alitoa swali ambalo kila mtu alilisifu: chambua malezi yako kwa kutumia nadharia ya Bowlby na Ainsworth kuhusu mtoto anavyoshikamana na mlezi wake, kurasa mbili. Wengi waliandika habari za bibi zao na mbwa wao. Insha moja aliifungua Jumapili usiku. Pembeni ya aya ya pili alikwishaandika "mfano mzuri, fafanua zaidi", kisha akafika aya ya tatu, ambamo binti alieleza mambo aliyofanyiwa na mjomba wake, na kwamba mjomba huyo bado anafika nyumbani kila sikukuu, na mdogo wake yuko pale.

Insha ile unaipa alama gani? Dada wa watu, kwa huruma, alimwandikia binti usiku uleule kwamba jambo hili litabaki kati yetu. Kumbe kwa kanuni za chuo walimu wasaidizi nao walitakiwa kuripoti. Mafunzo yake aliyapitia mtandaoni wiki ya kwanza, akibonyeza "endelea, endelea" kama sote. Akaripoti, ikabidi. Binti akaona amesalitiwa, akaacha kuingia darasani, mwisho akajitoa kwenye kozi.

Kanuni za maadili za chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, zinaligusa jambo hili kwenye kifungu cha 7.04: mwanafunzi halazimishwi kufichua mambo yake binafsi, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa. Wape mbadala, wachambue mhusika wa filamu au kisa cha kitabuni. Wajibu wako wa kuripoti uandike kwenye silabasi, na usome kanuni za sasa kuhusu nini kinaripotiwa wapi. Namba ya ushauri nasaha ya chuo weka karibu, pamoja na 988, simu ya dharura ya afya ya akili iliyoanza Julai 2022. Mtu akija ofisini analia, msikilize, mpeleke panapohusika. Usimtibu, hata kama wewe ni wa fani ya kliniki. Na usiahidi siri kabla hujasikia ni siri gani.

Mengine ni ya kawaida. Silabasi za mfano zipo bure kwenye tovuti ya chama cha walimu wa saikolojia, kitengo cha 2 cha APA. Mwombe mwenzako aketi nyuma akutazame ukifundisha. Kusanya maoni bila majina mapema, usingoje tathmini ya mwisho wa muhula. Namba yako ya WhatsApp usiigawe. Barua pepe zitunze. Mlango wa ofisi uache wazi. Na tarehe ya mwisho ya kujitoa kwenye kozi iandike kubwa kwenye kalenda yako, maana wiki hiyo ndipo watakapokuja wote kwa mpigo.