Kuomba Udaktari wa Meno Uingereza Ukiwa Mwanza: Mwongozo wa Maombi na Usaili

Mwongozo huu ni wa kijana wa Mwanza, au wa mwambao wowote wa Ziwa Victoria, aliyemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCB na anayetaka kusomea udaktari wa meno nchini Uingereza. Anayeomba hapa nyumbani hauhitaji, kwa sababu Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili huwachagua wanafunzi wa shahada hiyo ya miaka 5 kwa ushindani wa matokeo ya mtihani, kwa kufuata mwongozo wa udahili ambao Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, huutoa kila mwaka. Vyuo vya Uingereza vina hatua moja zaidi: vikisharidhika na alama zako hukuita kwenye usaili, na mwenye alama za juu akishindwa hapo hapewi nafasi. Mimi nilisailiwa miaka miwili mfululizo nikiwa nyumbani Ilemela, mbele ya kompyuta. Mwaka wa kwanza nikakosa, wa pili nikapata. Katika muda huo ujuzi wangu wa meno haukuongezeka sana. Nilijifunza kumsikiliza mtu hadi mwisho kabla ya kufungua mdomo, na ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu jambo hilo.

Maombi na tarehe zake

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na kuanzia mwezi huohuo hadi Septemba hufanyika mtihani wa UCAT, ambao vyuo vya meno vya Uingereza huutumia kupima uwezo wa kufikiri na kuamua. Mtihani huo hufanywa kwenye vituo vya Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani ya kompyuta, mara moja tu kwa kila msimu wa maombi, na alama zake hazihamishiki kwenda msimu unaofuata. Kwa hiyo jisajili mapema, uwe na pasipoti mkononi, na utenge nauli endapo kituo ulichopata kipo nje ya Mwanza.

Maombi yenyewe hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya Uingereza, na mwisho wake ni 15 Oktoba, saa 12 jioni kwa saa za Uingereza, ambayo kwetu ni saa 2 usiku. Unaruhusiwa kuchagua kozi 4 za udaktari wa meno, na nafasi ya tano ukaitumie kwa kozi nyingine. Utajibu maswali 3 kuhusu wewe mwenyewe kwa jumla ya herufi zisizozidi 4,000, nafasi zikiwemo, na mwalimu wako ataandika barua ya kukutambulisha. Mwombe mwalimu huyo kabla hujaondoka shuleni, kwa maana ukisubiri Septemba unaweza kukuta amehamishwa na barua hujaipata.

Kabla ya kuchagua vyuo, iandikie barua pepe ofisi ya udahili ya kila chuo ukiuliza mambo mawili: kama wanakipokea cheti cha NECTA cha kidato cha sita, na kama wana nafasi kwa waombaji wa kigeni mwaka huo. Nafasi hizo ni chache sana na ada yake ni kubwa mno, hivyo mazungumzo na wazazi au mfadhili yafanyike sasa, kwa takwimu zilizoandikwa na chuo, wala yasisubiri barua ya kukubaliwa.

Kuomba nafasi ya kushuhudia kazi

Msaili atakuuliza umeiona wapi kazi ya daktari wa meno, na jibu la "nimesoma kwenye mtandao" halitoshi. Andika barua rasmi kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali yenye kliniki ya kinywa na meno, yenye kichwa cha habari kinachosema wazi kwamba unaomba kushuhudia na si kuajiriwa, utaje tarehe unazopendekeza, kisha uambatanishe nakala ya cheti, barua ya mkuu wa shule na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wako. Ipeleke kwa mkono masijala, uombe nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na baada ya wiki moja urudi kuulizia kwa adabu. Ukikosa hospitali ya mkoa, jaribu kituo cha afya au kliniki binafsi. Siku mbili ulizokaa ukiangalia kwa makini zina thamani kuliko mwezi mzima wa kukaa kwenye benchi.

Ndani ya kliniki usiandike jina la mgonjwa hata mmoja. Andika ulichokiona mikono na midomo ikifanya. Katika daftari langu la mwaka wa pili nilikuwa na maelezo ya mzee mmoja aliyekuja kung'olewa gego: daktari alimwonyesha sindano ya ganzi ikiwa bado na kifuniko, akamweleza atakachohisi na atakachokisikia, akakubaliana naye kwamba akiinua mkono wa kushoto kazi itasimama mara moja. Mzee aliuinua mara mbili, na mara zote mbili daktari aliweka koleo chini kwenye sinia, akangoja. Ukurasa huo ulinisaidia kuliko kitabu chochote, kwa sababu nilipozungumzia ridhaa ya mgonjwa kwenye usaili nilikuwa na jambo la kusimulia.

Kanda yetu ina mambo ambayo mwombaji wa London hayajui, nawe unapaswa kuyajua vizuri. Uvimbe wa Burkitt, saratani ya watoto ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, huonekana zaidi kwenye maeneo yenye malaria nyingi kama mwambao wa ziwa hili, na mara nyingi huanzia kwenye taya; meno ya mtoto hulegea na mzazi humleta akiamini ni jino bovu tu. Ipo pia imani ya meno ya nailoni, ambayo wengine huyaita ya plastiki, kwamba mtoto mchanga anayeharisha na kuwa na homa ana meno mabaya ndani ya fizi yanayopaswa kung'olewa. Yanayotolewa ni vichipukizi vya meno halisi, mara nyingi vya chonge, na kifaa kisicho safi kinaweza kumwachia mtoto maambukizi yanayoua. Halafu kuna madini ya floraidi: yakizidi kwenye maji ya kunywa, kama ilivyo katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Shinyanga, huyatia meno madoa ya kahawia, ilhali kwa kiasi kidogo kwenye dawa ya meno huyakinga yasitoboke. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Anayeweza kueleza pande zote mbili za floraidi bila kuyumba ameonyesha kwamba anaweza kupima hoja.

Kuhusu wepesi wa mikono, ambao vyuo vya meno huuliza na baadhi hata huupima kwa kukupa waya wa kukunja au mchoro wa kunakili, usihangaike kutafuta la kizungu. Nenda Mwaloni, Kirumba, ukae na mafundi wa nyavu. Fundi hupitisha sindano yenye uzi kwenye tundu lililochanika, akalipima kwa kijiti ili lilingane na mengine, akakaza fundo kwa kidole gumba bila kulitazama. Mimi nilijifunza kwake kwa wiki tatu, na niliposema hivyo kwenye usaili niliulizwa maswali mengi kuhusu fundo hilo. Kama wewe ni msusi, au unashona, au unachonga, vivyo hivyo: eleza unachofanya kidole kwa kidole.

Mazoezi ya usaili

Usaili ni wa aina mbili. Upo wa jopo, ambapo watu wawili au watatu hukuhoji kwa takribani nusu saa. Wa pili, unaotumiwa zaidi siku hizi, ni wa vituo vifupi vifupi, mtindo ulioanzia Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hapo hupita kwenye vituo kadhaa, kila kimoja na msaili wake na swali lake, kwa dakika chache kila kimoja, baada ya kupewa dakika moja au mbili za kusoma maelekezo. Kila msaili hutoa alama zake bila kujua ulivyofanya kwa mwenzake, kwa hiyo ukivurunda kituo cha pili, cha tatu kinaanza upya kabisa.

Vyuo humtaka mwombaji aahidi kutosambaza maswali aliyoulizwa, nami ninaitunza ahadi hiyo. Nitasimulia mazoezi tuliyofanya nyumbani. Shangazi yangu, ambaye huuza dagaa na hajawahi kusailiwa na mtu, alikubali kuwa mama wa mtoto wa miaka 6 asiyetaka mwanawe adungwe ganzi. Nikaanza kwa ufasaha: ganzi ni salama, jino limeoza, maambukizi yanaweza kusambaa. Nilikuwa bado kwenye sentensi ya nne aliponyanyua mkono.

"Mwanangu, umenijibu kabla sijasema."

"Samahani, shangazi. Ulitaka kusema nini?"

"Hujaniuliza naogopa nini."

Tulirudia. Safari hii nilimsalimu, nikamuuliza kinachomtia hofu, kisha nikanyamaza. Ukimya ulikuwa mrefu, na nilitamani kuujaza. Ndipo akatoa, kwa maneno yake, habari ya jino alilong'olewa yeye mwenyewe akiwa msichana huko Ukerewe kabla ganzi haijashika vizuri. Hakukuwa na haja ya somo la maambukizi tena. Palihitajika kumhakikishia kwamba ganzi ya mwanawe ingejaribiwa kwanza kabla ya kuguswa jino. Fanya mazoezi ya namna hii na watu wazima wasiojua tiba, kwanza kwa Kiswahili ili usikie kama kweli unamsikiliza mtu, kisha kwa Kiingereza, lugha ambayo utasailiwa.

Katika kuhamia Kiingereza kuna mtego mmoja. Sisi humwambia mgonjwa "pole", na neno hilo hubeba huruma bila kukiri kosa. Wengi wetu hulitafsiri kwa neno la Kiingereza la kuomba radhi, na likirudiwa kila baada ya sentensi mbili, msaili huona mtu anayejilaumu. Sema badala yake unachokiona: kwamba inaonekana ana maumivu, kwamba jambo hilo lazima limemchosha. Vilevile tumelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na ni adabu njema; lakini mbele ya kamera itazame lenzi unapozungumza, maana wasaili hao hupima mawasiliano kwa kuangaliwa usoni.

Kwa maswali ya maadili, soma kanuni 9 za General Dental Council, chombo kinachosimamia madaktari wa meno Uingereza, zilizoanza kutumika mwaka 2013. Ya kwanza ni kutanguliza maslahi ya mgonjwa. Nyingine ni pamoja na ridhaa, kutunza taarifa za mgonjwa, na kutoa taarifa pale mgonjwa anapokuwa hatarini. Usizikariri kama shairi. Chukua kisa, mathalani mwanafunzi mwenzako ametuma picha ya mdomo wa mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp, ujiulize nani ameumizwa, nini hukijui bado, utaanza kuzungumza na nani, na ni wakati gani hutakuwa na hiari ya kunyamaza. Sema hatua hizo kwa sauti, kwa sababu alama hutolewa kwa unavyofikiri.

Siku ya usaili

Saa huwapotosha wengi. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi ile ya mwisho ya Machi, tunaitangulia Uingereza kwa saa 3, na katika miezi mingine kwa saa 2. Barua pepe ikisema 10:00 mwezi Januari, hiyo ni saa 4 asubuhi kwao na saa 7 mchana kwetu. Iandike kwa Kiswahili ukutani, na umwambie kila mtu wa nyumbani.

Mwaka wangu wa kwanza umeme ulikatika nikiwa katikati ya kituo, na nilipoteza dakika mbili nikitafuta simu. Kompyuta iwe imejaa chaji, simu yenye bando iwe mezani tayari imewashwa kugawa intaneti, na namba ya dharura iliyotumwa na chuo iwe imeandikwa kwenye karatasi. Chagua chumba chenye dari, kwani mvua ikipiga kwenye bati tupu hawatakusikia; keti ukitazama dirisha ili mwanga ukupige usoni; vaa kama unayekwenda kanisani, msikitini au ofisini. Usiposikia swali, omba lirudiwe, na ukihitaji muda wa kufikiri, uombe waziwazi.

Baada ya usaili

Andika usiku huohuo ulichojibu na ulipokwama, uyaweke kwako. Majibu hutoka kupitia akaunti yako ya UCAS, na ukipata nafasi yenye masharti soma kila sharti kabla ya kuikubali, kisha uombe TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, kwa kuwa utakaporudi utahitaji shahada yako itambuliwe na tume hiyo na wewe usajiliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ukikosa, iandikie ofisi ya udahili kuomba mrejesho. Baadhi ya vyuo huutoa. UCAT itabidi uifanye upya kuanzia Julai, na barua ya kushuhudia kazi unaweza kuipeleka tena masijala wiki ijayo.